Paswedi ya Mtani Iliyoandikwa kwa Mkaa

Nafasi ya binti yangu katika chuo cha utabibu ilikaa siku nne mikononi mwa jirani yangu, na jirani mwenyewe hakujua. Au niseme, nilidhani hajui. Ilikuwa nafasi moja ya mtu mmoja, na ilitakiwa ithibitishwe kwenye mtandao kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ukichelewa, anapewa anayefuata kwenye orodha. Ndivyo tangazo lilivyosema, nami nililisoma mara mbili, maana matangazo ya siku hizi yana maneno madogo chini yanayokula maneno makubwa ya juu.

Lakini huwezi kuelewa mtu mzima alifikaje mahali pa kuhangaikia elimu ya mwanawe akiwa amesimama juu ya ndoo bafuni, mpaka kwanza umjue huyo jirani.

Mimi ni Mnyaturu, yeye ni Mnyiramba. Sisi ni watani. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba anaweza kuniambia mbele ya wateja wangu kuwa sura yangu ndiyo inayofukuza mvua Singida, nami nisikasirike. Naweza kuingia kwake nikabeba sufuria ya mlenda ikiwa bado inachemka, naye akabaki mlangoni anacheka. Mtani hakasiriki. Hasira zake anaziweka akiba, zikue. Yeye anakamua na kuuza mafuta ya alizeti. Mimi nauza vitenge sokoni, na siku za mnada nabeba furushi langu hadi Mtinko. Baba wa binti yangu alikwenda machimboni kutafuta dhahabu mwaka binti alipoanza darasa la kwanza. Nadhani ameipata kubwa sana, ndiyo maana inamchukua muda kuibeba.

Kati ya bafu langu la nje na sebule ya mtani kuna hatua kumi na moja. Nimezihesabu kwenda na kurudi, na kurudi nikapata kumi na moja na nusu, kwa sababu nilikuwa nimebeba maji.

Sasa, mtoto wa mtani anayefanya kazi Mwanza alikuja likizo na kidude cheupe chenye taa tatu. Waifai. Nia yake ilikuwa njema: mama awe anamwona mjukuu wake kwenye simu kila Jumapili. Siku hizo soko huria lilikuwa limeshatufikia vizuri kabisa. Maji tulinunua kwa dumu, umeme tulinunua kwa tarakimu ishirini za luku, shule tulinunua, na sasa hata hewa ya ndani ya nyumba ya mtu ilikuwa na bando. Mtani akakiweka kile kidude juu ya kabati la vyombo, akakifunika na kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio, televisheni na jagi la maji. Kikawa kinapumua kupitia matundu ya maua.

Tatizo likawa paswedi. Mtoto aliitaja, ndefu, herufi na namba zimechanganyika kama mboga za harusi. Mtani akafanya kile ambacho kila mwenye akili mtaani kwetu angefanya: akaokota kipande cha mkaa, akaiandika ukutani jikoni.

Msicheke. Kila nyumba kwetu ina ukuta wa namna hiyo. Hapo ndipo inapoandikwa namba ya luku, namba ya fundi bomba, namba ya yule wa magunia ya mkaa, na tarehe kuku alipoanza kuatamia. Daftari linaliwa na mende, karatasi inawashiwa moto, simu inaibiwa. Ukuta hauendi popote. Basi mtani akaiandika paswedi ya waifai chini ya namba ya luku, kwa herufi kubwa kama za kampeni, ili hata akiwa hana miwani aione.

Na jiko la mtani ni njia ya watu wote.

Mimi nilikuwa nimekwenda kurudisha ungo. Narudia: kurudisha. Kuna watu huenda kwa majirani kuchukua tu. Nikauweka ungo juu ya kinu, nikainua macho, nikasoma. Nikasoma tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Hata mita ya kitenge naipima mara mbili mbele ya mteja, na mara ya pili mara nyingi huwa ndiyo fupi. Nilipofika nyumbani paswedi ilikuwa kichwani nzima, wala sikuwa nimekusudia. Kichwa changu hakijui kukataa cha bure.

Sebuleni kwangu haikufika. Chumbani ilifika kijiti kimoja na kuzimika. Nilizunguka uwanja wangu wote nimeinua simu kama mtu anayetafuta mvua, mpaka nikagundua kwamba bafuni, upande wa ukuta wa mtani, ukisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, unapata vijiti vitatu. Ukinyoosha mkono juu ya bati, vinne. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu msafi sana. Naingia bafuni asubuhi, naingia mchana, naingia baada ya kutoka sokoni. Majirani wakaanza kuniuliza kama nina upele.

Binti yangu ndiye pekee aliyejua. Hakupenda.

"Mama, si umwombe tu mama mtani? Atakupa."

"Nikimwomba atanisimanga mpaka uolewe."

"Na akikukamata?"

"Anikamate na nini? Intaneti haina manyoya."

Ndivyo tulivyoishi, hadi Jumatatu ile. Binti alikuwa juu ya ndoo, mimi nimeshika ndoo isiyumbe, akaona jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa. Utabibu, miaka mitatu. Sikumbuki kama nilifikiri. Nilipiga vigelegele humo humo bafuni, vikagonga mabati vikarudi. Upande wa pili wa ukuta mtani akapaza sauti:

"Weee mtani! Kulikoni? Leo maji yamefika mpaka miguuni?"

"Ni sabuni mpya!" nikajibu.

Akasema, "Hongera kwa sabuni."

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu. Chuo kingetuma namba sita kwenye simu, uzirudishe kwenye ukurasa wao, ubonyeze mahali palipoandikwa THIBITISHA, basi. Namba zikaja Jumanne asubuhi. Binti akaziandika kwenye kiganja kwa kalamu, tukaingia bafuni wote wawili. Vijiti vitatu vilikuwepo, lakini ukurasa haukufunguka. Tukasogeza ndoo. Tukanyoosha mkono. Kiduara kikazunguka na kuzunguka, kama mgambo aliyetumwa na hajui anamtafuta nani.

Nusu saa haikupita, mtani akaniita.

"Mtani, njoo. Nimeibiwa."

"Kuku?"

"Ingekuwa kuku ungenikuta nimekaa? Intaneti."

Nikakaa kwenye kigoda. Kuna nyakati kigoda ni rafiki.

Akanieleza. Bando la mwezi mzima limeliwa kwa siku tisa: Jumapili lilianza kusuasua, jana usiku likaisha kabisa. Jumapili hiyo alikuwa anaangalia mjukuu wake, ambaye siku hiyo alikuwa anajifunza kutembea. Wamemsimamisha, wamemwachia mikono, mtoto ameinua mguu. Na hapo hapo kioo kikaganda.

"Mguu uko juu," mtani akasema, akainua wake nione. "Hivi. Mpaka leo sijui kama aliukanyaga au alianguka. Wananiambia alitembea hatua mbili. Kuambiwa!"

Nikaangalia ukuta.

"Mwanangu ameangalia huko huko Mwanza," akaendelea. "Anasema ukiacha yangu, walioingia kwenye hiki kidude ni simu tisa."

"Tisa?"

Hapo nilishtuka kweli, na nilikasirika kweli. Mimi na binti tulikuwa na simu moja. Ina maana kulikuwa na wezi wengine wanane! Mimi nachota kwa kijiko, kwa adabu, nimesimama juu ya ndoo, kumbe wenzangu wamekuja na madumu. Watu hawana haya.

"Sasa wewe," mtani akasema, "wewe unahesabu kila kitu mara mbili. Nitafutie mwizi."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mtaa mzima nani anajua kuhesabu kama wewe?"

Mtu akikupa kazi ya upelelezi, na wewe ndiye unayepelelezwa, unaikubali haraka. Nikasimama, nikaukagua ukuta kwa uso wa mtaalamu.

"Hii imeandikwa mahali pa wazi," nikasema. "Tuanze na wanaoingia jikoni. Nani anaingia?"

"Muuza maji anaingia. Fundi cherehani anakuja kuomba makaa ya pasi. Wale wadada wapangaji wanakuja kusaga karanga." Akanitazama. "Na wewe."

"Mimi nilileta ungo."

"Ulileta ungo," akasema, taratibu, kama karani anayejaza fomu.

Kisha akachovya kitambaa kwenye maji, akaifuta paswedi ukutani. Alhamisi, akasema, bando jipya linaingia, fundi anakuja kubadilisha paswedi, na safari hii ataiandika hapa. Akagonga paji la uso wake kwa kidole. Ukuta huo, nikawaza, hauna mlango.

Mtauliza kwa nini sikununua bando langu mwenyewe. Swali zuri, huulizwa na watu wanaokaa karibu na mnara. Jumatano nilinunua. Nilinunua mara mbili. Mtandao wa mtaani kwetu siku hizo ulikuwa wa kusalimiana tu: ujumbe mfupi unapita, picha ya mtu unaipata kuanzia kidevuni kwenda chini. Ukurasa wa chuo ulifunguka nembo, ukafunguka nusu ya salamu za mkuu wa chuo, bando likaisha. La pili likafungua nusu iliyobaki ya salamu. Kwa hiyo mkuu wa chuo alitukaribisha kikamilifu, tatizo ni kwamba hatukuwa na njia ya kumjibu.

Tukaenda kwenye kibanda cha kompyuta mjini. Foleni ilikuwa ya watu arobaini na mmoja. Nikahesabu tena, wakawa arobaini na watatu, kwa sababu wawili walikuwa wamekaa nyuma ya mlango wanakula miwa. Kompyuta zilikuwa nne, moja ikiwa imevuliwa nguo zote, nyaya nje. Tulikaa tangu saa nne. Saa kumi na mbili mwenye kibanda akatoka akasema wenye namba zilizobaki waje Jumamosi.

"Mwisho ni Ijumaa," nikamwambia.

"Kesho naenda kuzika Manyoni, mama. Nikirudi nitawafanyia kwa haraka."

Nikampa pole. Huwezi kubishana bei na msiba.

Alhamisi nikakumbuka intaneti ya bure. Ndiyo, Singida tulikuwa nayo. Ilizinduliwa kwenye bustani karibu na stendi, kwa utepe na ngoma, na mgeni rasmi alikata utepe kwa mkasi uliolazimika kuazimwa kwa kinyozi. Nilikuwepo, niliuza vitenge vitatu. Bango lilisimamishwa, kubwa, la bluu: INTANETI YA BURE KWA WOTE. Mimi bure naiheshimu, kwa hiyo sikuwa nimeigusa tangu siku ile. Kitu cha bure kikitangazwa kwa ngoma, mwenye akili anasubiri ngoma inyamaze.

Tulipofika, chini ya bango alikuwa amekaa mlinzi na rungu.

"Shikamoo baba," binti akaamkia.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tumekuja kwa hii," nikasema, nikaonyesha juu.

Mlinzi akainua kichwa akalisoma bango lote, kana kwamba limewekwa jana.

"Hiyo imefungwa kwenye kisanduku kile. Funguo anazo mwenye funguo."

"Yuko wapi?"

"Semina."

"Anarudi lini?"

"Semina ikiisha."

"Na inaisha lini?"

"Mama yangu, mimi nalinda bango. Semina hailindwi na mimi."

Nikamuuliza kama tangu uzinduzi kuna mtu yeyote amewahi kuipata. Akafikiri kwa haki. Akasema kuna kijana mmoja wa basi aliwahi kupiga kelele kwamba ameipata, lakini baadaye ikaonekana ni ya kwake mwenyewe.

Basi tukashuka upande wa ziwani, kwenye hoteli moja ambayo nilisikia inatoa waifai. Binti anatembea amekunja kiganja, anazilinda zile namba sita kama ameshika kifaranga. Mhudumu alikuwa kijana mwenye tai na ndala.

"Waifai ipo?" nikauliza.

"Ipo kwa wageni."

"Mgeni ni nani?"

"Anayekula."

"Anayekunywa?"

Akasitasita. Nikajua nimeupata mlango.

"Soda moja, nusu saa," akasema.

"Soda moja kwa watu wawili?"

"Nusu saa ile ile."

"Tukinywa polepole?"

"Saa haiangalii chupa, mama."

"Chupa ikiwa kubwa?"

"Mama, hii ni hoteli, siyo mnada."

Nikampenda kidogo. Soda ikaja, mirija miwili, na kikaratasi chenye paswedi. Na ajabu, ukurasa ukafunguka! Nembo, mkuu wa chuo na salamu zake, jina la binti yangu, kisanduku cha namba sita. Binti akafungua kiganja. Akaandika namba ya kwanza, ya pili, akafika ya tano. Feni iliyokuwa juu yetu ikapunguza mwendo, ikasimama. Friji nyuma ya kaunta likakohoa, likanyamaza.

"Umeme umekwenda," mhudumu akatangaza, kwa faida ya vipofu.

"Jenereta si hilo pale?"

"Jenereta ni la harusi."

"Na kama hakuna harusi?"

"Linasubiri harusi."

Tulikaa na ile soda mpaka jua likageuka rangi juu ya maji. Soda moja, saa mbili na nusu. Umeme haukurudi. Wakati tunaondoka binti alisema tu, "Mama, tumwambie mama mtani." Nilikuwa nahesabu masaa yaliyobaki, na kila nikihesabu, mara ya pili yanakuwa machache kuliko ya kwanza.

Ijumaa nilirudi kwenye ndoo yangu. Bando jipya la mtani lilikuwa limeingia, niliona vijiti vyote vinawaka, lakini palikuwa na kufuli. Nikajaribu kubahatisha paswedi. Nikaandika alizeti. Nikaandika mjukuu. Nikaandika matusi matatu ya Kinyiramba ninayoyajua. Nikaandika mnyaturumwizi, na nakiri kwamba niliogopa isije ikafunguka. Haikufunguka. Nje ya bafu binti alisimama akiwa amevaa gauni lake zuri, sijui kwa nini, labda alidhani chuo kitamwona.

"Mama," akasema. "Saa nane."

Nikashuka kwenye ndoo.

Mtani alikuwa uani anapepeta alizeti. Hakuinua uso. Nilikuwa nimepanga hotuba, yenye utangulizi kuhusu ujirani mwema, lakini ikanitoka fupi.

"Mtani, nimempata mwizi."

"Mmoja?"

"Mmoja wa uhakika. Wale wanane utawatafuta mwenyewe."

Akaendelea kupepeta. Makapi yakanirukia usoni, nadhani kwa makusudi.

"Nilikukadiria Jumatano," akasema. "Umechelewa siku mbili."

"Ulijua?"

"Mwanangu alinisomea majina ya simu zote tisa. Nane zina majina ya kiwandani. Moja inaitwa Simu ya Mama Vitenge Usiguse."

Jina hilo niliwekewa na binti baada ya kuibiwa simu sokoni, ili kumtisha mwizi. Inaonekana lilifanya kazi yake.

"Halafu," mtani akasema, "mtu gani anaoga mara nne kwa siku na nywele kavu? Nilikuwa nakuhesabu. Na wewe si peke yako unayejua kuhesabu."

Akaweka ungo chini, sasa akanitazama.

"Vigelegele vya Jumatatu vilikuwa vya nini?"

Nikamwambia. Utabibu, miaka mitatu, namba sita, saa kumi ya leo. Binti alikuwa amesimama langoni, amekunja kiganja.

"Saa kumi ya leo hii?"

"Leo hii."

"Na jana mlikuwa wapi?"

"Hotelini. Kunywa soda."

Uso wake ukabadilika, na safari hii haukuwa wa utani. "Mtoto huyu nimemwogesha mimi ukiwa mnadani. Amepata utabibu, na mimi habari zake nazisikia kupitia kwenye bati, naambiwa ni sabuni. Bando nilikuwa nalijua, sikuwa na shida nalo. Bando linanunuliwa."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya biashara sikuwa na bei ya kutaja.

"Haya," akasema baadaye, akajifuta mikono. "Faini."

"Kuku wawili," nikasema haraka. Hiyo ndiyo faini ya kawaida ya utani.

"Kuku wako wamekonda kwa kukutazama. Sitaki. Utaniamkia."

"Nini?"

"Shikamoo. Kila asubuhi, mbele ya watu. Mpaka huyu mtoto amalize chuo."

Inabidi nieleze. Mimi na mtani tuko rika moja. Hakuna kati yetu mwenye cheti cha kuzaliwa. Yeye anadai kanizidi mwaka, mimi nadai nimemzidi miezi minne, na kwa miaka kumi na minne tunasalimiana "habari za asubuhi" kavu kavu, kama maaskari wa mpakani, kwa sababu wa kwanza kusema shikamoo atakuwa amekiri. Kwetu shikamoo haisemwi ovyo. Ukimpa mtu, umempa.

"Mwaka mmoja," nikasema.

"Mitatu."

"Mmoja na nusu, na Jumapili napumzika."

"Mitatu, na Jumapili unanifuata mpaka mlangoni."

"Miwili, na kuku wawili."

"Mtani, saa nane na nusu hii."

"Miwili na miezi sita! Kitenge nakuongezea, kile cha..."

"Mimi ndiye mwenye haraka?"

Nikamwangalia binti. Alikuwa amefungua kiganja anaangalia zile namba. Wino ulikuwa umeanza kufutika kwa jasho, ya mwisho haijulikani kama ni tatu au nane. Tulikuwa nazo kwenye simu, najua, lakini kuziona zinafutika kwenye ngozi yake ni kitu kingine.

"Shikamoo," nikasema.

"Hii alizeti inapiga kelele, sijasikia."

Alizeti ilikuwa imetulia kama maiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Umeamka salama?" Akapita mbele yangu kuelekea sebuleni, akamshika binti mkono. "Njoo mama, wewe ingia. Huyu mdogo wangu abaki mlangoni."

Nikabaki mlangoni. Akamnong'oneza binti paswedi sikioni, huku ananitazama mimi, na kwa uthabiti wa hali ya juu akaziba midomo yake na upande wa khanga nisiisome. Nilijaribu kuisoma. Binti akakaa kwenye kochi chini ya kile kidude chenye kitambaa cha maua, akaandika. Nembo. Mkuu wa chuo na salamu zake. Kisanduku. Akaangalia simu, hakuangalia kiganja, akaandika zote sita. THIBITISHA. Kiduara kikazunguka, na sisi watatu tukaacha kupumua, ikawa nyumba nzima kinachopumua ni kile kidude peke yake.

Ikaandika: Umethibitishwa.

Nilifungua mdomo. Mtani akanitangulia. Vigelegele vyake vilitoka mpaka barabarani, muuza maji akasimamisha baiskeli.

"Wewe vyako ulishapiga bafuni," akaniambia. "Hivi ni vyangu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuteka maji. Mtani alikuwa kwenye foleni, na wanawake kumi na sita nyuma yake. Nilijaribu kupita kando ya madumu yao nikiwa nimeinamisha kichwa. Akakohoa.

"Shikamoo," nikasema, kwa sauti ya kumwambia mtu siri.

Foleni nzima ikageuka.

"Marahaba," mtani akaitikia, akalivuta lile neno kama anapima kamba. "Marahaba, mwanangu."

Mama mmoja mwenye dumu la njano alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Kumbe mdogo ni wewe? Siku zote si ulikuwa unakataa?"

"Mpaka binti yangu amalize chuo," nikamjibu, nikaweka ndoo yangu mwisho wa foleni.